Wakuu, muziki gani wa sasa utasikilizwa miaka 30 ijayo? Naombeni ushauri

Mtoa mada: Habari zenu wakuu. Nataka kufungua studio ndogo mtaani. Nijikite kwenye singeli au bongo fleva ya mapenzi? Sitaki kurekodi vitu vya msimu mmoja. Usingizi sipati.

Fundi Redio: Kinachodumu ni kilichotunzwa. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, tunamsikia hadi leo kwa sababu santuri na kanda zilihifadhiwa. Singeli nyingi ziko kwenye flashi, flashi ikifa na wimbo umekwenda.

Mama Tuli: Nenda harusini utajua. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny waliurudia ule wimbo wa Saida Karoli, vijana wakadhani mpya. Kwenye sendofu ya mdogo wangu DJ aliweka ule wa Saida mwenyewe, mashangazi waliacha pilau mezani! Mama mkwe ndiye aliyeongoza mduara.

Kibopa: Mtaji unatoka wapi mkuu?

Mtoa mada: Vitu vya familia tu.

Kibopa: Vitu gani?

Mtoa mada: Santuri za marehemu baba. Morogoro Jazz, Dar International, maboksi matatu. Nimepata mteja wa Ulaya. Zimekaa uvunguni, gramafoni yenyewe mbovu. Ameshanipa advansi, nimelipia spika na maiki. Msinihukumu, baba alipenda muziki, na mimi naendeleza muziki.

Ustaadhi: Mali ya marehemu ni ya warithi wote. Kaeni kikao kwanza.

Jicho Kali: Chai hii. Kila wiki humu kuna mtu na urithi wa baba. Leta picha.

Mtoa mada: Picha siweki. Mdogo wangu yumo humu, atazitambua. Kila ganda baba ameandika kwa wino tarehe na duka aliponunua.

Ustaadhi: Kumbe mdogo wako hajui!

Mama Tuli: Weeee!

Fundi Redio: Jicho Kali, huyu hatungi. Wazee wetu waliandika hivyo hivyo. Mkuu, kwenye swali lako nachagua singeli. Vijana wa Manzese na Tandale wanaimba kodi, madeni, fitina za uani, kama Marijani Rajabu alivyoimba Dar yake. Mapenzi ya studio yanafanana mno. Lakini hizo santuri zisipande ndege. Mrudishie mtu hela yake, na mdogo wako umwambie leo.

Mtoa mada: Spika dukani hawazirudishi mkuu.

Kibopa: Ni za wati ngapi?