Mti wa Uingereza umebaki mtupu: umekufa au umelala?

Baba wa Chake

Assalaam alaykum. Binti yangu anasoma Leeds, Uingereza, na tangu Oktoba huniletea kila Ijumaa picha ya mti ulio mbele ya dirisha lake. Mwanzo ulikuwa wa kijani, kisha ukawa manjano kama embe bivu, na juma hili umebaki matawi matupu na jani moja tu linaloning'inia nchani. Mama yake alipoiona picha alisema mti umekufa. Mimi, niliyekulia chini ya mikarafuu isiyovua majani yake mwaka mzima, nilikosa la kumjibu. Naomba anayejua anieleze, na kama hapa visiwani tuna mti ufanyao hivyo.

Maalim wa Makunduchi

Waalaykum salaam. Mti haukufa, sheikh. Huko mchana hufupika mno, hata mwezi wa Disemba jua huzama kabla ya saa kumi za alasiri, ilhali kwetu tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja. Mti unapouhisi ufupi huo pamoja na baridi, huivunja ile rangi ya kijani na kuvirudisha matawini na mizizini virutubisho vinavyofaa. Manjano uliyoiona ilikuwamo jani likiwa bichi, ila ilifunikwa. Kisha pale kikonyo kinapoungana na tawi hufanyika utando mwembamba, na jani huanguka bila ya kuacha kidonda wazi. Kubaki na majani kungekuwa hasara, maana majani hupoteza maji, na ardhi ya baridi huyatoa kwa shida. Mwambie binti akitazame kijiti kwa karibu: juu ya kovu la jani ataona jicho dogo lenye magamba, na ndani yake majani ya mwakani yamekwisha kukunjwa.

Mkaazi wa Nungwi

Kwetu ipo, ndugu, ila kinachoivua ni kiu, si baridi. Mbuyu hukaa mtupu miezi kadhaa baada ya masika, ukiishi kwa maji yaliyomo shinani, na vuli inapokaribia huchipua. Kwa hivyo wakati huo wa Leeds unavua, wetu unavaa, na maua yake hufunguka magharibi yakangoja popo. Msufi nao hupukutika. Kwa rangi, hata hivyo, mshindani ni mkungu, ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka, na anayefagia uwanja chini yake huwa hana hamu ya kuusifu.

Baba wa Chake

Ahsanteni sana. Leo baada ya sala ya alfajiri nimeokota jani jekundu la mkungu, na mwisho wa kikonyo pamekatika sawasawa, kana kwamba pamepitishwa wembe. Nimemwonesha mama yake, kisha safari hii mimi ndiye niliyepeleka picha.