Siku tisa Mexico bila nguruwe wala pombe, nile nini na usiku niende wapi?

BintiKizingo

Assalaam aleikum na hamjambo wote. Naomba msaada kwa yeyote aliyefika Mexico, siongelei Cancún ya hotelini, naongelea Mexico yenyewe. Mimi ni mtu wa Mombasa ila kwa sasa niko Houston, na kazini kwetu kuna mama mmoja wa Oaxaca, mwaka jana alituletea kuku kwenye mchuzi mweusi tii anauita mole negro, wallahi nilipofunua lile bakuli nikasikia mdalasini na karafuu nikadhani mtu wa kwetu ndo kapika. Nikamuuliza ndani mna nini akaanza kuhesabu kwa vidole, pilipili kavu za aina kadhaa, ufuta, karanga, lozi, zabibu kavu, ndizi mbivu, chokoleti, mkate wa kukaanga, vidole vikaisha ikabidi arudie mkono wa kwanza. Tangu siku ile sijatulia.

Sasa mimi na mume wangu tuna siku tisa mwezi wa pili. Nimeandika Mexico City, Guadalajara, Puebla, Oaxaca, Veracruz na Mérida. Mume wangu anasema ni safari ya kukaa kwenye basi tu. Halafu hatuli nguruwe na hatunywi, na kila nikisoma habari za usiku wa Mexico ni tequila na mezcal mwanzo mwisho. Jamani kuna usiku wa watu kama sisi? Napenda muziki, napenda kukaa nje watu wakipita, nimekulia barazani. Shukran sana.

Msafiri wa Nakuru

Dada, mumeo yuko sawa. Mimi nilisoma Mexico City miaka mitatu na sikumaliza hata mtaa niliokuwa naishi. Kutoka Mexico City hadi Mérida kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, hiyo ni siku nzima na usiku wake ndani ya basi. Oaxaca ni kama saa sita au saba. Puebla ndo jirani, saa mbili hivi umefika. Chagua sehemu mbili, tatu zikizidi, uzile vizuri.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema, na ningejua ningekula vizuri tangu wiki ya kwanza, ni kwamba chakula cha Mexico kina saa yake na kina siku yake. Ukitafuta kitu saa isiyo yake utapewa kilicholala ama hukipati kabisa. Asubuhi ni tamales, donge la mahindi lililofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke, na uji wa mahindi unaoitwa atole, mama amesimama kona na sufuria kubwa ya mvuke, saa nne ameshaondoka. Barbacoa, ile nyama ya kondoo inayofunikwa na majani ya mkonge wao na kuzikwa shimoni usiku kucha, hiyo ni ya asubuhi ya wikendi, Jumapili hasa, ukiamka saa tano umekuta mifupa. Mlo mkubwa wa siku ni kati ya saa nane na saa kumi mchana, na hapo ingia kwenye vijimgahawa vya kina mama vinaitwa fonda, uombe comida corrida, unaletewa supu, wali, mboga au nyama na jagi la juisi kwa bei ya chini sana, na mtu akikupita mezani anakwambia "provecho", nawe umjibu gracias, usikae kimya ukadhani anaongea na mwingine.

Alhamisi ni siku ya pozole, supu ya mahindi na nyama, hasa kwa watu wa jimbo la Guerrero. Halafu kuanzia saa mbili usiku ndo mji unageuka, taco zinatoka, yaani nyama iliyofungwa ndani ya tortilla, chapati yao nyembamba ya mahindi.

Na hapa nikuonye dadangu. Utaona nyama imezunguka kwenye mkuki wima, moto ubavuni, utasema hii si shawarma? Na kweli asili yake ni hiyo, walikuja nayo Waarabu wa Lebanon na jirani zake, Puebla mpaka leo wanaiita taco árabe na wanaifunga kwa mkate unaofanana na pita. Ila nyama ni nguruwe. Zamani iliwahi kuwa kondoo, siku hizi ni nguruwe, na taco al pastor ya Mexico City ni hivyo hivyo. Usishawishike na harufu. Lakini nenda ukatazame tu, maana yule jamaa ana nanasi juu ya ule mkuki, anakata nyama vipande vyembamba vinadondokea kwenye tortilla iliyo mkono wa kushoto, halafu anapiga kisu juu mara moja bila hata kuangalia, kipande cha nanasi kinaruka na kutua katikati ya nyama. Nimesimama pale usiku mwingi sana kwa ajili ya hicho kipande tu. Wewe omba suadero, hiyo ni ng'ombe, ila uliza imekaangwa kwa mafuta gani, maana mara nyingi sufuria ni moja na nyama zote zimo humo.

Maneno mawili ukariri kabla hujapanda ndege: "¿lleva puerco?" na "¿lleva manteca?" Manteca ni mafuta ya nguruwe, na yanajificha pale usipotarajia, kwenye maharage ya kupondwa, kwenye tamales, hata kwenye mole ya sherehe. Watu hawakasiriki ukiuliza, watakwambia ukweli.

Mama Muhaya

Nimepita Oaxaca mara mbili na mwanangu anayefanya kazi huko, nami nasema Oaxaca isitoke kwenye hiyo orodha hata kama mengine yote yatatoka.

Nilipofika sokoni Mercado 20 de Noviembre kuna ujia mmoja umejaa moshi mpaka macho yanatoa machozi. Kila upande majiko ya mkaa na nyama mbichi imetandazwa kama mashuka. Unachagua nyama, inapimwa kwa kilo, inachomwa ukiwa umesimama, halafu vingine vyote unanunua kwa watu tofauti, huyu ana tortilla kwenye kapu, yule ana vitunguu vya kuchoma, mwingine parachichi na pilipili, mnakaa kwenye benchi refu na watu msiowajua mnakula. Binti, omba tasajo, ni ng'ombe, imekatwa nyembamba kama kitambaa. Ile nyekundu yenye pilipili inaitwa cecina na kwa pale Oaxaca ni nguruwe, usichanganye.

Usiku kuna tlayuda, tortilla kubwa kama sinia, inachomwa mkaani na maharage meusi na jibini lao la nyuzinyuzi. Kabla hawajaanza waambie "sin asiento", kwa sababu asiento ni masalia ya mafuta ya nguruwe yanayopakwa chini kabisa na huwezi kuyaona. Uliza na maharage pia.

Sasa mimi ni mtu wa Bukoba, nimekua na senene. Nilipomwona mama amekaa na kapu la panzi wekundu, wanawaita chapulines, wamekaangwa na vitunguu saumu, chumvi na ndimu, nilisimama pale nikacheka peke yangu, yule mama akanipa kiganjani nionje. Ni wadogo kuliko senene na hawana yale mafuta ya senene, ni wakali kidogo kwa ile ndimu, lakini nilijua niko kwa watu wanaonielewa. Nilinunua mfuko mzima.

Na jambo la mahindi. Wenzetu hawasagi mahindi makavu hivi hivi kama sisi. Wanayachemsha na maji ya chokaa, yanalala humo usiku, ganda linatoka, ndo yanasagwa yakiwa bado na maji kuwa donge la tortilla. Hiyo chokaa ndo inafanya mwili upate vitamini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalipopelekwa Ulaya bila huo ujuzi, maskini waliokula mahindi tu waliugua pelagra, ngozi inababuka. Mimi nilivyoona ile sufuria nikakumbuka jirani zangu Wachaga wanavyotia magadi kwenye chakula kiive. Mikono ya wanawake imejua mambo mengi kabla ya maabara. Ukionja pozole utaona ni kama makande, punje kubwa zilizofunguka kama ua, supu, nyama, juu unaweka kabichi, figili na ndimu. Ya kawaida ni ya nguruwe lakini ya kuku ipo, omba "de pollo" na uulize supu yenyewe ni ya nini.

Kaka wa Veracruz

Mimi napinga kidogo, Veracruz isisahaulike hivi, hata kama si safari hii. Dada umesema umekulia barazani, basi huo ndo mji wako. Jioni watu wazima wanakuja uwanjani katikati ya mji wamevaa mashati meupe ya guayabera, kina mama na vipepeo vya mkononi, bendi inapiga danzón na wanacheza polepole, wimbo ukifika sehemu fulani wote wanasimama, wanageukia bendi, wanajipepea, halafu wanaendelea. Hakuna anayelipa kiingilio. Na kahawa yao, unaletewa glasi ina kahawa kidogo chini, unaigonga kwa kijiko, tin tin tin, mhudumu mwingine anakuja na birika la maziwa ya moto anamimina kutoka juu mpaka povu linapanda.

Halafu kuna sisi humo. Mwaka 1609 jeshi la Wahispania lilitumwa kumkamata Yanga, Mwafrika aliyetoroka utumwa na kuishi milimani na watu wake, wakashindwa kumaliza kazi, mwishowe wakakubali wawe na mji wao huru, na mji upo mpaka leo kwa jina lake, Yanga, Veracruz. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 Mexico wanaojitambua kuwa wa asili ya Afrika. Mimi nilipokaa pale mtu mzima mmoja aliniuliza natoka wapi, nikasema Afrika Mashariki, akanishika mkono akasema "primo", yaani binamu. Sijasahau.

BintiKizingo

Jamani nimesoma nimelia kidogo, hasa hapo kwa Yanga. Mungu awabariki. Kwa hiyo nimefuta Guadalajara, Mérida na Veracruz, tutaenda siku yake inshallah (ingawa nimesikia upande wa Mérida, kule Campeche, wanapika papa na tortilla na pilipili kali na mimi kwa papa sisemi kitu). Nimebaki na Mexico City, Puebla, Oaxaca. Tunafika Ijumaa tunaondoka Jumapili ya wiki inayofuata. Nimepanga tuanze Mexico City, tumalizie Oaxaca. Usiku sasa? Na ni salama?

Msafiri wa Nakuru

Mexico City usiku bila pombe ni rahisi kuliko unavyodhani. Ijumaa usiku nendeni Arena México mkaone lucha libre, mieleka ya vinyago, ukumbi wa tangu 1956, bibi wa miaka sabini amesimama juu ya kiti anamtukana mbabe kwa moyo wote na mjukuu kavaa kinyago pembeni yake. Jumamosi mchana mpaka jioni Plaza de la Ciudadela wazee wanacheza danzón bure, wanafundisha na wageni. Kwenye uwanja wa Garibaldi wanamuziki wa mariachi wanalipwa kwa wimbo, ulizeni bei kabla hawajaanza kupiga. Hata cantina, baa zao za kienyeji, mnaweza kuingia, omba "suero", ni maji ya gesi na ndimu na chumvi, hakuna anayekushangaa, ingawa wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuingia cantina mpaka miaka ya 1980. Agua de tamarindo ni juisi ya ukwaju wetu kabisa, na barabarani utakuta embe na chumvi, ndimu na pilipili ya unga kama pale Mama Ngina, Mombasa.

Usalama, usiku panda teksi ya kuita kwa simu, usisimamishe barabarani, simu isikae mkononi ukitembea, na ukiona mtaa umekuwa kimya ghafla rudi ulikotoka. Mji uko mita 2,240 juu, siku ya kwanza msikimbie kimbie, mtu wa pwani atahema.

Mama Muhaya

Binti, geuza safari. Anza Oaxaca.

Sikiliza. Ukifika Oaxaca Ijumaa, Jumamosi jioni kaeni mbele ya kanisa la Santo Domingo. Ndoa zikitoka pale wanatembea barabarani na tarumbeta, mwanasesere mkubwa mrefu kuliko mlango anacheza, wanawake na vikapu vya maua kichwani, wanaiita calenda, na wapita njia wanafuata kama mdundiko wa Dar, hakuna anayekuuliza umealikwa na nani. Watapita na vikombe vidogo vya mezcal, weka mkono kifuani useme gracias, inatosha. Jumapili asubuhi na mapema panda basi uende Tlacolula, karibu tu, kuna gulio kubwa la Jumapili, barbacoa ya mbuzi inatoka shimoni, na utakuta tejate, kinywaji cha mahindi na kakao, povu jeupe juu, kwenye kibuyu kilichopakwa rangi, hakina kileo. Kwa mpango wako wa kwanza Jumapili ya Tlacolula ingekukuta uwanja wa ndege.

Jumatatu na Jumanne ni zako za mole. Jumatano Puebla. Alhamisi Mexico City na pozole, Ijumaa mieleka, Jumamosi danzón.

BintiKizingo

Mama, nimebadilisha tiketi sasa hivi, nilikuwa bado ndani ya saa ishirini na nne. Yule mama wa kazini nimemwonyesha, kaandika kwenye karatasi jina la dada yake anayeuza mole ya kusaga sokoni na uzito wa kumletea, kilo mbili ya nyeusi, isiyo na manteca ya kwangu nifungiwe kando.