Ndege ikaletewa winchi, sisi abiria tukaambiwa tutafute daladala

Assalaam aleikum wadau. Uzi huu mrefu na nnauandika na hasira, mwenye haraka apite. Jina la kampuni silitaji. Waliokuwamo wanaijua, na wenyewe wakisoma watajijua.

Jumatano ya wiki iliyopita mie na bimkubwa wangu, mama yangu mzazi, tulipanda ndege Unguja kurudi kwetu Pemba. Caravan, hii ya injini moja yenye sanduku la mizigo chini ya tumbo. Bimkubwa ana miaka 71, na siku mbili kabla alikuwa ametolewa mtoto wa jicho. Jicho limefunikwa, kakatazwa kuinama, kakatazwa vumbi, na ana dawa ya matone ya kila baada ya saa chache. Nauli ya ndege kwa mtu wa mshahara wangu si mchezo, ila bimkubwa boti hapandi. Dada yake alikuwamo kwenye Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Tangu siku ile ukimtajia bandari ya Malindi anabadilisha mazungumzo.

Pale kaunta walitupima kama karafuu, sisi na mizigo yetu. Ruhusa kilo 15. Mkoba wangu ukazidi kilo 3, nikalipishwa papo hapo na risiti ikatoka ndani ya dakika moja. Hiyo dakika moja naomba muiweke akilini.

Tumeshaipita Mnemba, mlio wa injini ukapungua kama feni iliyozimwa swichi. Kimya. Mbele naliona pangaboi limesimama kabisa, na chini ni bahari. Rubani, kijana mdogo tu, akageuza ndege kurudi upande wa Unguja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi: "Tunashuka ufukweni Matemwe, kazeni mikanda, vueni miwani." Kiwanja cha ndege kilikuwa mbali, asingefika. Ndege injini ikizimika haidondoki kama jiwe, inateleza, na huyu kijana aliutumia mteremko wote aliopewa. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku za bamvua, zile maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, na saa hiyo yamekupwa mpaka karibu na mwamba, mchanga mgumu uko wazi. Lingekuwa saa kumi jioni nisingekuwa naandika hapa. Tukagusa, tukaruka kidogo, tukagusa tena, gurudumu la mbele likakatika na lile sanduku la chini likaburura mchanga mpaka tukasimama. Abiria 11, mmoja kapasuka mdomo, basi. Kijana yule Mungu ampe umri. Lawama zangu hazimgusi hata chembe.

Waliotufikia wa mwanzo ni akina mama wa mwani, mbio, nguo zinachuruzika maji. Mmoja akamfunika bimkubwa uso kwa mtandio wake kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa unapeperusha mchanga, bila hata kuambiwa habari ya jicho. Tukapelekwa kivulini, tukapewa madafu na muhogo wa nazi.

Ndipo rubani akapiga simu kwa kampuni yake.

Kumbukeni maji yalikuwa yanarudi. Kufika saa kumi pale ndege ilipolala pangekuwa bahari. Wavuvi wakaliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Wakaleta kamba za mashua, wakatia magogo ya minazi chini, wakaivuta ile ndege ya zaidi ya tani mbili kama wanavyopandisha chombo, huku wanaimba. Maji yalishaifika tumboni wakati inaanza kusogea. Saa saba ikafika gari ndogo ya kampuni, watu wanne na maturubai. Saa tisa kamili likafika lori la winchi kutoka mjini. Mie nnaona kwa macho yangu: ndege inapigiwa picha, inafunikwa, inafungwa mikanda laini isije ikakwaruzika.

Gari la abiria? Nikamfuata yule aliyeonekana mkubwa wao. Akanijibu, wallahi simsingizii: "Dada, daladala 118 zinapita hapo juu barabarani, mpaka mjini moja kwa moja."

Bimkubwa aliyetoka kwenye operesheni, kwenye ndege iliyoanguka, kwenye mchanga, apande chai maharage, gari la wazi la mabenchi.

Nikasema sawa, basi nipeni mkoba wangu, una dawa ya jicho. Hapana, hakuna kugusa kitu mpaka wachunguzi wa ajali waje. Kanuni ya kulinda ushahidi naielewa. Lakini pale pale mwenzao kaingia ndani ya ndege akatoka na mfuko wa makaratasi ya kampuni, na hakuna aliyemwambia habari ya ushahidi. Dawa nikanunua upya mjini, shilingi 42,000, saa mbili usiku, baada ya kukodi teksi kutoka Matemwe kwa 70,000. Daladala sikumpandisha.

Sasa ndiyo linaanza hasa nililolikusudia.

Alkhamisi asubuhi tuko ofisini kwao, abiria 7 kati ya 11. Tunaambiwa ndege ile haipo tena, nyingine iko kwenye matengenezo, iliyobaki moja ina ratiba yake, "tusubiri ndege mbadala". Mbadala lini? "Taratibu zinaendelea." Tukashauriwa, kwa wema kabisa, tupande boti. Nikamtazama bimkubwa. Hakusema kitu, akasimama akatoka nje, akakaa kwenye ngazi.

Ijumaa mmoja wetu akaiona ile ndege moja iliyobaki inapakia watalii wa kwenda mbugani. Mie siwalaumu watalii, wamelipa. Na sisi tulilipa.

Nina binamu yangu fundi wa ndege Dar, nikampigia nimuulize hiyo mbadala inachukua muda gani. Alinielimisha na nawapa hapa maana tunadanganywa kwa kutojua. Ndege ikishaingia maji ya chumvi, hata kidogo, habari yake ni kubwa. Chumvi inaingia kwenye maungio ya bati, kwenye nyaya, kwenye beringi, na injini ile ya PT6 lazima itolewe ifunguliwe na watu wenye karakana yake. Mara nyingi bima wanapiga hesabu wanaona bora walipe ndege nzima. Hapo kampuni inatafuta Caravan nyingine, mara nyingi iliyotumika, nje ya nchi. Ifutwe kwenye daftari la nchi ilikotoka, iletwe, ikaguliwe na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, ipewe namba yetu ya usajili ya 5H, iingizwe kwenye cheti cha kampuni, ikatiwe bima. Miezi. Hakuna mtu wa kukimbiza hilo na wala sitaki wakimbize. Ndege iliyoharakishwa ndiyo inayozimika juu ya Mnemba.

Kwa hiyo hapo sigombi. Lakini nani aliwaomba ndege? Mie niliomba viti viwili! Unguja na Pemba kuna kampuni zaidi ya moja, zinaruka kila siku, na viti tulivyokuwa tunavihitaji ni 11. Simu moja kwa jirani, unalipa, watu wanafika kwao. Wao wakazichanganya habari mbili makusudi: kila tukiuliza tutafikaje nyumbani, tunajibiwa habari za kuagiza ndege. Kama mtu gari yake imegonga, mgonjwa yumo ndani, anakwambia subiri ninunue gari nyingine.

Jumamosi nikaona basi. Nikakopa, nikanunua tiketi mbili kampuni nyingine, nusu saa tuko uwanja wa ndege wa Pemba, saa moja baadaye tuko Wete. Bimkubwa alifunga macho njia nzima, hilo moja na lile jingine. Mkoba nimeletewa Jumatatu hii, umelowa, una mchanga, chupa ya matone ya jicho imepasuka. Na hapo hapo kwenye mpini bado imening'inia karatasi yao ya kilo 18.

Nikadai nauli yangu. Majibu mpaka sasa, kwa mfuatano: kwanza "uchunguzi unaendelea". Binamu akanambia uchunguzi wa ajali ya ndege kazi yake kujua sababu isirudie, si kuamua nani arudishiwe nauli. Nikawaambia. Wakageuka, "ni jambo lililo nje ya uwezo wetu". Nikauliza kuzimika injini ni sawa, na kutonipa gari Matemwe nako kulikuwa nje ya uwezo? Kimya siku mbili. Jana wamenitumia ujumbe: nitapewa kuponi ya safari moja, itumike ndani ya miezi 6, njia hiyo hiyo, kwa mtu mmoja. Mmoja! Tulikuwa wawili. Na njia hiyo wanayoniahidi hawana ndege ya kuirukia. Kilo 3 zilihesabiwa kwa dakika moja.

Wadau nnachoomba. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo najua mlango ni TCAA na lile baraza la watumiaji wa huduma za anga. Kuna aliyewahi kupeleka dai kule akiwa Pemba? Lazima uende mwenyewe au barua inatosha? Ninazo tiketi, risiti ya kilo 3, risiti ya dawa, picha za winchi zenye saa, na ujumbe wao wote. Abiria wenzangu wanne ambao hatukubadilishana namba, hasa yule kaka aliyepasuka mdomo na yule dada mwenye mtoto mchanga, nitafuteni kwa ujumbe wa ndani, tuandike barua moja.

Na mtu wa kampuni ukipita humu: mzee mmoja pale Matemwe kamba yake ya mashua ilifungwa kwenye gurudumu la nyuma, ikaondoka na lori lenu. Alinipigia juzi kuniulizia hali ya mama, na mwisho kabisa, kwa haya, akaniuliza kama nawajua wenye ndege. Mpya, pima 20, ya nailoni. Mrudishieni.