"Look forward to hear" au "hearing"? Naombeni msaada wakuu

kijana_wa_pwani: Wakuu habari za jioni, naandika barua ya kuomba kazi nimekwama mwishoni kabisa, nimeweka "I look forward to hear from you" ila jamaa yangu kaisoma anasema lazima iwe "hearing", sasa mbona shuleni tulifundishwa baada ya "to" kitenzi kinakaa kama kilivyo, "I want to go"? Barua inatakiwa kesho asubuhi.

mwalimu_mstaafu: Jamaa yako yuko sahihi mdogo wangu. "To" ya "want to go" ni ya kitenzi, ila hii ya "look forward to" ni kihusishi, ndo maana unaweza kusema "I look forward to the interview". Kipimo chepesi: toa kitenzi weka "it". "I look forward to it" inakubali, basi weka -ing. "I want to it" haiendi kabisa. Ndo hivyo hivyo "I am used to waking up early". Ila "I used to wake up early" bila "am" ni mambo ya zamani, hapo -ing haiingii, na wengi wanaangukia hapo hapo.

Zaituni_K: Naongezea, "I am looking forward" nayo ni sawa ila kwa barua ya kazi "I look forward" ni rasmi zaidi. Na ukianza "Dear Sir or Madam" funga na "Yours faithfully", ukitaja jina la mtu ndo "Yours sincerely".

kijana_wa_pwani: Asanteni sana aisee, kwa hiyo hata "in addition to" ni "working"?

mwalimu_mstaafu: Ndiyo, "in addition to working".