Naomba ushauri: wapi kulala na nini kula Porto

Ndugu wanachama, assalaam alaikum. Mimi na mume wangu tuko Lisbon, Ureno, na keshokutwa tunakwenda Porto kwa treni, safari ya takriban saa 3, tukae siku 3. Hapa tulichagua hoteli ya mtaa wa Alfama kwa kuvutiwa na picha, ambazo hazikuonyesha kwamba chumba kiko ghorofa ya 4 na lifti hakuna. Mwenzangu, mwenye goti bovu, husimama kila baada ya vidato kumi akidai anatazama mandhari. Ramani za Porto tumezipekua, ila hazituonyeshi miinuko.

Je, kwa goti la namna hiyo, ni afadhali tulale Ribeira, ukingoni mwa mto Douro, au juu karibu na stesheni ya São Bento?

Pili, francesinha, ule mkate wao maarufu uliofunikwa jibini, kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe na mchuzi wa bia, vitu ambavyo hatuvigusi. Tuagize nini badala yake, mbali na bacalhau? Huyo ng'onda wao tumemla siku nne mfululizo.