Naomba ushauri: swichi ya mtandao wa ofisi, Cisco au UniFi?

Wakuu, ofisini tuna kompyuta 10, simu za mezani 5 na kamera 6, zote kwenye swichi (kifaa cha kuunganisha vifaa vya mtandao kwa nyaya) ya kawaida, isiyoruhusu kubadili mipangilio. Mtandao ukielemewa, simu zinakatika katikati ya maongezi na wateja, inaniuma sana. Nataka kutenganisha simu na kamera kwa VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao midogo ndani ya swichi ileile.

Nimebakiza mbili za matundu 24: Cisco Catalyst 1000 yenye jumla ya wati 195 za PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao kulisha simu na kamera), na UniFi USW-24-PoE yenye wati 95. Kiwango cha PoE kiitwacho 802.3af huruhusu hadi wati 15.4 kwa tundu, hivyo simu na kamera zangu, jumla vifaa 11, vinaweza kufika wati 169.4, ingawa simu hula kidogo. UniFi naona rahisi kuisimamia. Mliozitumia, kamera zikiwasha taa za usiku, wati 95 zinatosha kweli?