Naombeni ushauri: tuhamie Dunga kwenye miti, au nibaki Kondele hadi nijifungue?

Nyar_Kondele
Habarini wanajukwaa. Hasa akina mama mliojifungulia huku Kisumu, nisaidieni.

Nina mimba ya wiki 18, ya kwanza. Tunakaa Kondele ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama barabara. Chini yetu kuna mama anayekaanga samaki, na kando yake fundi wa kuchomelea vyuma. Asubuhi napangusa ukingo wa dirisha kwa kitambaa kibichi, jioni nikirudia kitambaa kinatoka cheusi kama nimefuta sufuria ya kuni. Manamba hawanyamazi mpaka saa sita usiku. Joto mnalijua wenyewe.

Juzi kwenye foleni ya kliniki mama mmoja aliniambia wajawazito wanaoishi karibu na miti huzaa watoto wenye uzito mzuri. Mume wangu naye amepata nyumba upande wa Dunga, kodi imezidi ya sasa kwa 2,500. Mbele ya mlango kuna mwembe mkubwa. Siku tuliyokwenda kuiona nilikaa chini yake nikingoja mwenye nyumba, ndipo nikamsikia mtoto akicheza kwa mara ya kwanza. Nililia.

Lakini mafunjo ya ziwani hayako mbali, na mbu wa huko nawaogopa. Mamangu anasema mtu hahami na mimba. Je, hiyo habari ya miti ni kweli? Na kama ni kweli, inatosha kunihamisha?

MamaWatatu
Pole na hongera, dada. Mimi ningehama jana. Usingizi peke yake ni dawa.

Muuguzi_wa_Zamu
Mamangu mdogo, kabla ya miti tuzungumze malaria, kwa sababu kanda yetu ya ziwa ndiyo inayoongoza kwa malaria Kenya nzima. Mjamzito anaweza kuwa na vimelea vimejificha kwenye kondo la nyuma bila homa yoyote. Damu inayompelekea mtoto chakula inapungua, na mtoto anazaliwa mdogo. Nimepokea wengi wa chini ya kilo 2.5 ambao mama zao waliapa hawakuugua hata siku moja.

Umeshameza SP, zile tembe za kumkinga mjamzito na malaria? Hutolewa kuanzia wiki ya 13, kila unapokuja kliniki, mradi mwezi uwe umepita tangu dozi ya mwisho. Wanaotumia septrin kwa sababu ya virusi vya UKIMWI ndio hawapewi. Neti ya kliniki unaipata bure. Ilalie wewe, usimpe shemeji wa kijijini. Ukiwa na hayo mawili, Dunga haitishi sana.

Mwalimu_Bayo
Habari ya miti ni ya kweli, ila ipimwe vizuri. Watafiti huchukua picha za setilaiti, wakaangalia kiasi cha kijani kuzunguka nyumba ya mama, kisha wakalinganisha na uzito wa mtoto. Huko Vancouver, Kanada, waliangalia zaidi ya watoto 64,000. Waliotoka penye kijani zaidi walizidi wenzao kwa takriban gramu 20 kwa wastani. Gramu 20 ni kama vijiko vitano vya chai vya sukari. Kwa mtoto mmoja ni kidogo mno. Tena sehemu kubwa ya tafiti hizi ni za Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako malaria si tatizo la kila siku wala hakuna jiko la makaa mlangoni.

Kinachonivutia mimi ni njia zenyewe. Mti unapunguza joto, mama anatembea zaidi, analala, moyo unatulia. Na penye miti mara nyingi magari ni machache, kwa hiyo moshi ni mdogo. Gesi ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, inayotoka kwenye makaa na injini, hushika damu mahali pa oksijeni, na damu hiyo ndiyo inayomlisha mtoto. Kwa hiyo dada, hicho kitambaa cheusi kinanisumbua kuliko ukosefu wa mwembe.

Baba_Pacha
Shemeji, uliza jambo moja: uchungu ukianza saa nane usiku mvua ikinyesha, nani atakutoa Dunga? Hapo Kondele uko jirani na Russia, ile hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi. Wetu walikuja wiki ya 34, tulikimbia kwa boda. Tafuta kwanza dereva unayemwamini, uwe na namba yake, ndipo ulipe dipoziti.

Wa_Nakuru
Sikuweza kuhama Kaptembwo kwa sababu ya kodi. Kila jioni nilipanda matatu mpaka mjini, nikakaa Nyayo Gardens nusu saa, nikatembea mizunguko miwili. Presha yangu ilikuwa inanisumbua, na siwezi kuapa kwamba miti ndiyo iliyoishusha, dawa nilikuwa nameza. Ila nilikuwa narudi nyumbani mtu mwingine. Kama kuhama kutakunyima pesa za mayai na mboga, usihame.

Nyar_Kondele
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. SP nimemeza moja. Neti ninayo, lakini kusema kweli imekunjwa kabatini kwa ajili ya joto. Leo naitundika. Jiko nilikuwa naliwasha ndani mvua ikinyesha, hilo limekwisha.

Mwalimu, mafunjo ndiyo yenye mbu?

Mwalimu_Bayo
Mbu wa malaria hawafanani. Wengine hutaga kwenye vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, matairi ya gari yalipopita kwenye tope. Wengine hupenda maji ya kudumu yenye majani. Rudi kwenye ile nyumba saa kumi na mbili jioni, uzunguke ua mzima. Tazama pia kama madirisha yana wavu.

Muuguzi_wa_Zamu
Na kliniki usiikate, popote utakapokaa. Tunataka tukuone mara nane.

Nyar_Kondele
Tunaenda Jumamosi jioni. Mume wangu anabeba tochi, mimi navaa soksi. Baba Pacha, ile namba ya dereva nimeshaipata kwa jirani, na ameniambia Dunga anafika usiku.